Sindano Niliyomdunga Chebet

Juzi mjukuu wangu, ambaye ni muuguzi katika chumba cha wagonjwa mahututi, alinipeleka kazini kwake nikaone. Walinivisha gauni, wakanifunga mifuko ya plastiki miguuni, nikawa kama gunia la viazi linalosubiri lori. Ndani nilimkuta mtu amelala na bomba mdomoni, na kando yake mashine inampumulia. Haichoki, haidai chai ya saa nne. Mjukuu akaniuliza, "Babu, nyinyi enzi zenu mlikuwa mnatumia nini?" Nikamwambia, "Ubao." Akacheka mpaka akaziba mdomo asiwasumbue wagonjwa.

Sikumlaumu. Ila nilipofika nyumbani chakula kilinishinda. Ninyi vijana mnaoingia kazi hii, wengi wenu mmenisikia nikisimulia habari za ule ubao kwenye harusi na matanga, na mmenipigia makofi. Kuna sehemu nimekuwa nikiiruka. Nilimdunga mtoto sindano niliyokuwa nimekatazwa kumdunga, baba yake akanishukuru kwa sababu ya sindano hiyohiyo, nami nikanyamaza. Leo siiruki.

Nilikuwa dresa katika hospitali moja ya Nakuru, upande wa Waafrika, miaka ya hamsini. Dresa alifunga vidonda, alidunga sindano, alimwaga mikojo, na alitafsiri maneno kati ya daktari na mgonjwa, yote hayo kabla ya saa sita. Wagonjwa walituita madaktari. Hatukuwakataza.

Sindano za wakati huo hazikutupwa. Tulizichemsha kwenye sufuria juu ya stovu, na zikiwa butu tulizinoa kwa jiwe. Ukimaliza kunoa unaiburuta ncha juu ya pamba. Ikinasa uzi, bado ina meno, irudishe kwenye jiwe. Wenzangu walikuwa wavivu wa kujaribu kwa pamba, na ungesikia wagonjwa wao wakilia hadi barabarani. Mimi sikuwa mvivu. Tena nilikuwa na ujanja wangu: unampiga mtoto kofi dogo la tako, na kabla hajaamua kama kofi limemuuma au la, dawa imeshaingia. Watu waliteremka kutoka Molo na Olenguruone wakafika dirishani na kuuliza, "Yule wa mkono mwepesi yuko?" Nilipenda kuisikia hiyo. Nilipenda kupita kiasi.

Maana watu walikuwa wakiamini sindano kuliko walivyotuamini sisi. Penisilini ilikuwa imekuja, na kila mtu alikuwa na jirani aliyedungwa akiwa anakufa akaamka akaomba ugali. Mtu ukimpa vidonge alivitazama tu mkononi, akasema, "Kwa hivyo mimi siugui?" Mzazi aliyepanda lori na mtoto mgonjwa kutoka shamba la mzungu huko juu kwenye baridi, akirudi na vidonge, alijua mkewe atamuuliza alikuwa wapi siku nzima. Kwa hiyo tulidunga. Tulidunga hata mahali ambapo haikuhitajika, na tulijiona watu wema.

Ndipo polio ikaingia. Kwanza tulimpata mtoto mmoja ambaye mguu wake ulikuwa unaning'inia kama si wake. Wiki hiyo hiyo wakaja wengine wawili, kisha wadi ya watoto ikajaa tukawalaza chini. Tulikata mablanketi ya sufu vipande, tukavichemsha, tukavikamua na kuwafunga miguu vikiwa na moto, ili misuli isikaze. Tulipowashuku tuliwaambia wabusu magoti yao. Mtoto mwenye polio shingo na mgongo vinakataa, hawezi kuinama. Nilikuja kuchukia kumwambia mtoto abusu magoti, kwa sababu niliwaona wakijaribu kwa bidii ili kunifurahisha.

Daktari wetu alikuwa Dakta Pinto, Mhindi wa Goa, mfupi, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Asubuhi moja alitukusanya madresa wote akatusomea barua kutoka Nairobi, kisha akaieleza tena kwa Kiswahili chake, asibaki mtu wa kusema hakuelewa. "Mtoto iko na homa, hapana piga sindano. Hata kama mama nalia. Hata kama baba nagombana. Polio iko ndani ya mwili nangoja. Wewe napiga sindano mguu hii, yeye nakuja mguu hii. Mpaka ugonjwa naisha, vidonge tu. Nasikia?"

Tukasema tunasikia. Nilisikia vizuri sana, na nawaomba mlikumbuke hilo. Sikukosa kwa ujinga.

Kabla ya wiki kwisha akaja mtu mmoja na binti yake mgongoni. Alikuwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la mzungu karibu na Molo, mwembamba, mikono mikubwa kuliko mwili wake. Mtoto aliitwa Chebet, wa miaka saba hivi. Alikuwa na homa na macho mekundu, akilalamika kuumwa kichwa. Nikamwambia abusu magoti, akayabusu kwa shida kidogo, nami nikajiambia ni uchovu wa lori. Nikamhesabia baba vidonge.

"Daktari," akasema, "mimi nimetoka Molo na lori ya viazi. Bwana amenipa ruhusa ya leo peke yake. Hii vidonge hata duka ya Mhindi iko. Wewe ndio ile ya mkono mwepesi, sivyo?"

Nikamwambia, "Baba Chebet, kuna amri. Watoto wa homa hawadungwi sasa."

"Amri ni ya watu ya hapa mjini," akasema kwa upole. "Sisi ni watu ya mbali. Nisaidie tu, daktari. Moja."

Hakuniletea hata yai. Nasema hivyo kwa sababu mtadhani nilihongwa, na laiti ningehongwa. Nilimwonea huruma, na pia lile neno la mkono mwepesi lilikuwa limenipanda kichwani. Nikampeleka mtoto nyuma ya pazia, nikampiga kofi lile, nikamdunga penisilini tako la kushoto. Hakulia. Aliniuliza kama nimemaliza. Baba akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Siku ya tatu alirudi naye. Mguu wa kushoto ulikuwa umelegea kuanzia nyonga.

Mtu wa kwanza kumvua nguo alikuwa Mzee Wafula, dresa mkuu wetu, ndiye aliyenifundisha kazi tangu kushika bakuli. Alimgeuza mtoto, akaona alama ya sindano na kijiuvimbe kando yake. Akauliza bila kuinua kichwa, "Nani amemdunga huyu?" Nilikuwa nimesimama karibu naye hata ningeweza kumgusa. Nikasema, "Sijui, Mzee. Pengine ni wale wa huko mashambani." Kulikuwa na watu waliotembea na sindano za wizi wakidunga vibarua nyuma ya maduka, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na pa kukaa. Baba Chebet alikuwa nje akiongea na mwenzake. Wafula alinitazama mara moja, kisha akaagiza mablanketi ya moto.

Sasa niwafundishe jambo ambalo hamwezi kulipata kwenye mashine zenu. Mgonjwa wa polio anapoanza kushindwa kupumua, hapigi kelele. Anakuwa mtulivu, watu wasiojua wanafurahi kwamba amelala. Wafula alitufundisha kumwambia mgonjwa avute pumzi moja, ahesabu kwa sauti mpaka iishe. Leo akifika ishirini na kesho kumi na mbili, pumzi inamwishia, hata kama anatabasamu. Chebet hakujua kuhesabu. Lakini baba yake alikamua ng'ombe tisa, na ng'ombe wa wazungu walikuwa na majina, na mtoto aliyajua yote kwa mpangilio wanavyoingia zizini. Basi tukamwambia awataje. Ijumaa alivuta pumzi akasema, "Daisi, Bela, Rozi, Pansi, Meri, Dola, Juni, Peni, Kwini," akacheka kwa sababu wadi nzima ilikuwa inamsikiliza. Jumamosi asubuhi mikono ilikuwa imelegea na alifika kwa Dola. Jioni alifika kwa Rozi. Jumapili baada ya wazungu kutoka kanisani alisema "Daisi," akatulia, akanitazama, akavuta tena ili aseme "Bela."

Hospitali ya wazungu, ng'ambo ya barabara, ilikuwa na sanduku la kupumulia. Lilikuwa la mbao, mgonjwa analazwa ndani kichwa kikiwa nje, na pampu inavuta na kusukuma hewa. Dakta Pinto alivuka barabara kwenda kuomba. Alirudi akasema kuna kijana wa mzungu ndani yake, naye hawezi kutolewa hata kwa dakika tano. Ilikuwa kweli, mfuaji nguo wao alituthibitishia. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwasimulia sehemu hii kwa sauti kubwa, sanduku moja na watoto wawili, watu wakatikisa vichwa. Niliipenda sehemu hii kwa sababu mimi simo ndani yake.

Ubao ulikuwa akili ya Wafula. Alipokwenda Burma na jeshi aliona melini jinsi mabaharia walivyomrudisha mtu aliyezama. Walimfunga juu ya ubao uliokaa juu ya kigingi kwa katikati yake, wakambembeza kichwa chini, miguu chini. Kichwa kikishuka, matumbo yanasukuma mapafu na hewa inatoka. Miguu ikishuka, matumbo yanarudi na hewa inaingia. Hakuna pampu, hakuna stima. Tulichukua machela, tukaiweka juu ya gogo ambalo seremala wa hospitali alilipigilia miguu minne. Tukamlaza Chebet kifudifudi, tukaweka taulo zilizokunjwa makwapani ili asiteleze, tukamfunga vifundo vya miguu kwa bandeji pana, uso tukaugeuza upande ili mate yatoke. Mate yakimkwama kooni unaingiza mpira mwembamba na kuyavuta kwa mdomo wako mwenyewe, unatema kwenye bakuli. Ndiyo, kwa mdomo. Mkiwa mmekunja nyuso sasa, mmeelewa.

Kosa la kila mtu anayeanza ni haraka. Unaogopa, kwa hiyo unabembeza mbio, na hewa haipati muda wa kuingia. Baba Chebet aliposhika ubao mara ya kwanza aliubembeza kwa mwendo wa kukamua, chwa-chwa, chwa-chwa, kama mikono ilivyozoea.

"Wewe! Hapa hakuna ndoo ya kujaza," Wafula alimwambia. "Pumua wewe mwenyewe, polepole. Ukivuta, miguu yake ishuke. Ukitoa, kichwa kishuke. Usimfikirie. Fikiria pumzi yako."

Alijifunza upesi kuliko sisi sote. Kufika Jumatatu yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha jamaa za wagonjwa wengine waliokuja kutusaidia. Tulienda kwa zamu, robo saa kila mtu, maana mabega yanawaka moto. Mama mmoja wa Njoro, ambaye mwanawe alikuwa ameshapooza mguu na hana la kumfanyia tena, alichukua zamu nyingi kuliko wengine. Chebet hakuachwa hata kwa muda wa kupiga chafya. Ruhusa ya bwana ilikuwa imekwisha zamani, na Baba Chebet alijua kazi inaweza kuwa imeenda. Alisema ng'ombe watakamuliwa tu.

Nami nilibembeza. Nilichukua zamu zangu na za wengine, mpaka Wafula akanifukuza nikalale. Walidhani ni bidii. Kila kichwa chake kilipokuja chini karibu na magoti yangu aliniangalia, macho ndiyo yaliyobaki yakifanya kazi, na mimi nilihesabu kimoyomoyo na kujiambia akipona nitamwambia baba yake kila kitu. Kama vile Mungu ni mtu wa kupatana naye bei.

Jumanne alasiri tulikuwa tumekaa nje ya wadi, mimi na Baba Chebet, tukinywa chai ya mkebe. Akaanza kuwaeleza jamaa za wagonjwa waliokuwa hapo. "Huyu daktari mnamwona? Mimi nilikataliwa sindano. Yeye akasema, hapana, huyu mtoto yangu pia. Akanipigia. Kama si hiyo dawa, Chebet hangefika hata Ijumaa." Wale watu wakanitazama kwa heshima. Mwanamke mmoja akaniombea baraka. Nikageuka kuona kama Wafula yuko karibu. Alikuwa mlangoni, na bakuli mkononi, na alikuwa amesikia. Hakusema kitu siku ile, wala siku nyingine yoyote mpaka alipostaafu kurudi kwao. Laiti angenipiga.

Chebet alikufa Jumatano kati ya chai na mzunguko wa daktari. Kifua kilikuwa kimejaa, mpira ulikuwa ukitoa kitu kizito, na midomo ikawa rangi ya wino. Zamu ilikuwa ya baba yake. Dakta Pinto alisikiliza kifua, akavua miwani, akaondoka bila kututazama. Wafula akauwekea ubao mkono ukasimama sawasawa. Baba Chebet akaondoa ule mkono kwa adabu, akaendelea kubembeza.

"Bado ana joto," akasema.

Tulimwacha. Alibembeza kwa mwendo mzuri kabisa, ule wa polepole tuliomfundisha, kwa muda ambao sikuweza kuupima. Alipoacha mwenyewe, alifungua bandeji za miguuni, akazikunja, akazipanga kando ya machela. Halafu akanitafuta mimi. Nilikuwa na maneno yote tayari mdomoni: ile sindano ndiyo iliyoleta, nilikuwa nimekatazwa, ni mimi. Akaniwahi. Akasema, "Asante, daktari. Wewe ulijaribu." Nikasema, "Pole, Baba Chebet." Kwa hilo sitajisamehe, na sitaki mnisamehe ninyi.

Mtaniambia pengine polio ilikuwa ndani yake tayari na ingempata vyovyote. Dakta Pinto mwenyewe alikuwa akisema kwa mtoto mmoja huwezi kujua, unajua tu kwa wengi. Nimejaribu kulalia mto huo. Haukai kichwani.

Mvua zilikuja zikaenda, na polio bado ilikuwapo, mara chache, mara nyingi. Siku moja nikaitwa dirishani. Alikuwa Baba Chebet. Alikuwa amepata kazi shamba jingine, na mgongoni alikuwa na binti yake mdogo, Cherono, mwili unawaka. Alinisalimu kama ndugu.

"Nimepita zahanati mbili," akasema. "Nikawaambia hapana, mimi naenda kwa daktari yangu. Piga huyu kama ile ya dada yake, mapema, kabla haijashika."

Hapo ndipo nilipewa nafasi ya pili, na wachache hupewa. Maneno yalikuwa rahisi. Ningemwambia, sindano ndiyo mbaya, Baba Cherono, usikubali mtu yeyote amdunge, na ujue kwa nini nasema hivyo. Angenichukia. Angewaambia watu wote wa Molo. Lile jina langu la mkono mwepesi lingeisha siku hiyo. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Sindano zimekwisha. Dawa haijaletwa kutoka Nairobi. Chukua vidonge."

Akasema haidhuru, si kosa langu. Akaniuliza kwa kunong'ona kama kuna mahali pengine najua. Nikasema sijui. Akaondoka na vidonge, nami nikarudi ndani nikajisifu, kweli nilijisifu, kwamba safari hii nimetii amri.

Alimrudisha baada ya siku chache. Siku ile, njiani kurudi nyumbani, alikuwa amempata mmoja wa wale watu wa sindano za wizi nyuma ya maduka, akamdungia. Kifua cha Cherono hakikuguswa, wala mikono. Mguu wa kulia tu, kuanzia tako kushuka chini, umelegea na umepoa.

Baba yake alimsimamisha kwenye sakafu ya wadi ili nione. Hakuwa na hasira. "Unaona, daktari," akasema, "kama siku ile ungekuwa na dawa yako, huyu angekuwa anakimbia."

Nilikuwa na nafasi ya tatu hapo, mlango wazi, na watu wote wanasikia. Nikachukua kamba nikamwambia mtoto anyooshe mgongo, nikampima kutoka kwapani mpaka chini, urefu wa mkongojo.